Nani Anivalishe Soksi

Tarehe 11 Januari

Kitinda, mdogo wangu,

Salamu zikufikie wewe na Mama. Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa zamu za kusimama. Wodi imejaa hadi tumeweka vitanda viwili kwenye korido, na mimi ndiye nesi msimamizi, kwa hiyo kila anayekosa shuka ananitafuta mimi. Mpwa wako amefaulu kuingia mwaka wa pili wa chuo. Amenyoa kichwa chote na hataki kueleza kwa nini. Kikohozi cha Mama kikoje? Niambie wewe, maana yeye ukimuuliza hali anajibu kama mtu aliyeficha mgeni uvunguni.

Nimekubali sharti lako la kuandikiana. Ulisema kwenye simu nakukatiza. Ni kweli, nakukatiza. Basi sema huku mpaka uchoke.

Sasa jambo lenyewe. Hujanitumia karatasi ya alama ya Desemba. Ile uliyopewa siku unatoka hospitali, ya mambo yote ambayo mtu aliyevunjika uti wa mgongo anapaswa kuyafanya mwenyewe: kula, kuoga, kuvaa, kujitoa mkojo kwa mpira, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Novemba ulikuwa na hamsini na nane kwa mia. Kwenye kuvaa sehemu ya chini ulipata sifuri. Sifuri, Kitinda! Umevunjika chini ya kifua, si mabegani. Mikono yako ni ile ile ya fundi cherehani, inatia uzi kwenye sindano bila miwani.

Juzi ulimi wa Mama uliteleza akaniambia kwamba kila asubuhi Dobi wa jirani anakuja kukuogesha na kukuvalisha. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne unavalishwa soksi na muosha nguo! Nimeona wengi hapa wodini walioanza kwa kusaidiwa soksi wakaishia kulishwa uji. Anayekuvalisha hakusaidii, anakulemaza mara ya pili.

Nataka sabini na tano ifikapo katikati ya mwaka. Nitumie ya Desemba na ya Januari pamoja.

Dada yako


Tarehe 29 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika. Mama anakohoa, hasa akijua kuna anayemsikiliza. Mpwa wangu mwache na kipara chake, namwonea wivu. Mimi nanyolewa na kinyozi anayetazama barabara badala ya kichwa. Cherehani haijambo. Fundi redio alinipandishia kanyagio la mota juu ya meza, nalikandamiza kwa kiwiko cha kushoto. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema mguu wangu umehamia kwenye kiwiko, usishtuke.

Umesema niseme mpaka nichoke. Haya.

Asubuhi yangu bila Dobi iko hivi. Naanza saa kumi na mbili. Haja kubwa, ambayo siku hizi ina ratiba kali kuliko treni. Mpira wa mkojo. Kisha bafuni, kisha kurudi kitandani kuvaa. Miguu hii haijakaa kama magogo kama watu wanavyodhani. Gogo lingekuwa na adabu. Ukikunja wa kushoto unaruka wenyewe kama umeng'atwa, unakutupa ubavuni, unaanza upya. Suruali mpaka magotini, lala, bingirika kulia, vuta, bingirika kushoto, vuta. Soksi isiwe na mkunjo hata mmoja, maana mkunjo unaokula ngozi siusikii. Namaliza saa tatu na nusu, mikono inatetemeka, nimelowa jasho kiasi cha kustahili kuoga tena. Ndiyo, alama ninazo. Kazi haijaanza, na mikono hiyo hiyo ndiyo ya kushikia kitambaa.

Pamoja na Dobi, saa moja na nusu niko mezani nakata. Tangu mwaka uanze nimeshona suruali tatu kwa siku, na sasa nina mashati mia mbili ya sare za shule, shule nzima, walinichagua mimi wakaacha maduka mawili yenye mafundi wanaotembea. Jioni nguvu zinabaki za kujisukuma hadi kwa kinyozi kucheza dama na kugombana na wenzangu. Hiyo kwenye karatasi yako iko mstari wa ngapi? Nimeutafuta mstari wa dama, sikuuona. Mstari wa kugombana pia haupo.

Na huyo Dobi unayemdharau. Kila asubuhi ananikagua matako kama anavyokagua shati lililobaki doa, kwa sababu mimi siwezi kuyaona na Mama nimemkataza. "Hapa safi. Hapa pamepiga wekundu, leo usikae sana." Kisha ananipa umbea wa mtaa, maana aliyeshika nguo za watu chafu anajua mengi. Tunacheka. Wewe ulinichekesha lini mara ya mwisho?

Nikuulize, nesi. Daktari wa upasuaji akiingia kazini, nani anamvalisha gauni? Nani anamvuta glavu mpaka vidoleni? Si nyinyi? Ana mikono, ana miguu, na anasimama kunyooshewa nguo kama bwana harusi. Mbona hamumpi sifuri?

Karatasi ya Desemba nilifungia nyuzi.

Kitinda


Tarehe 14 Februari

Kitinda,

Sote wazima. Nasikia mvua imewanyima usingizi huko, huku ni vumbi tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikaona ujeuri. Daktari wa upasuaji akimaliza kazi anavua mwenyewe, anavaa mwenyewe, anaendesha gari kwenda kwake. Wewe Dobi akifa utafanyaje? Akihama? Akioa mwanamke asiyetaka mumewe aamkie matako ya jirani? Mama ana miaka sabini na miwili. Mimi niko safari ya siku mbili kutoka hapo. Siku moja utaamka na hakuna mtu mlangoni, na utalala hapo hapo na cherehani yako ikikutazama. Nimewaona wa namna hiyo. Wameletwa kwangu.

Unaniambia habari za dama. Mimi nakuambia habari za kuishi.

Najua ungebishana mpaka mwaka uishe, kwa hiyo nimemwandikia Mama barua yake peke yake. Nimemwomba amshukuru Dobi vizuri, kwa heshima zote, na amwambie inatosha. Utanichukia kwa mwezi mmoja. Nimeshachukiwa na wagonjwa kwa muda mrefu zaidi ya huo, na wakaja kunishukuru kwa miguu yao.

Dada yako


Tarehe 3 Machi

Dada,

Mama hajambo. Alimwambia Dobi kwa heshima zote, kama ulivyoagiza. Dobi alisimama uani na ndoo yake mkononi, akasema, "Sawa, Mama," akaondoka bila kunitazama. Mwanamume anayeweza kukamua blanketi la watu wawili kwa mikono yake, nilimwona akishindwa kufunga geti.

Najivalisha. Alama ni sabini na moja. Karatasi iko ndani ya bahasha.

Sina habari nyingine.

Kitinda


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Nikwambie nilivyofanya? Niliisoma karatasi yako nimesimama kwenye korido, nikakaa juu ya kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo nimewakataza wanafunzi wangu maisha yote. Sabini na moja! Kutoka hamsini na nane! Nimemwonyesha bwana wa mazoezi ya viungo wa hapa, amesema hajaona mtu akipanda hivyo kwa miezi mitatu. Mpwa wako anakusalimu, nywele zimeanza kuota na sasa anazitaka ndefu.

Najua bado umenuna. Barua ya mistari sita! Nuna tu. Bado alama nne tufike.

Mama asiache kunywa maji ya moto.

Dada yako anayejivunia wewe


Tarehe 25 Aprili

Kitinda,

Hujajibu. Nimepiga simu ya Mama mara tatu. Mara ya kwanza akasema umelala. Mara ya pili umelala. Mara ya tatu ilikuwa saa nane mchana, nikamuuliza, "Mama, fundi gani analala saa nane mchana?" Akasema kuna chungu jikoni, akakata.

Kama ni hasira, umeshanionyesha. Mtu mzima hanuni wiki nane. Siwezi kuomba likizo kabla ya Agosti, wauguzi wawili wamehamishwa na sijaletewa hata mmoja. Niandikie hata neno moja. Niandikie tusi kama ndilo ulilonalo.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Dada,

Mwandiko ukikushinda kusoma, ni kwa sababu nimelala kifudifudi, karatasi iko juu ya stuli mbele ya kitanda. Leo ni siku ya hamsini na moja nimelala hivi. Sijambo. Mama hajambo. Salamu zimekwisha.

Kati ya kiti changu na stuli ya kuogea kuna pengo la upana wa kiganja. Dobi alikuwa ananishika kiunoni nikivuka, sekunde mbili, hata hakuacha kuongea. Peke yangu nilikuwa najiburuta. Siku moja mwishoni mwa Machi nilijiburuta juu ya ukingo wa stuli na ngozi ikabaki pale. Sikuhisi kitu. Ndiyo maana ya kutohisi, Dada, unafundisha watu jambo hili. Nikajikausha, nikajivalisha, soksi zimenyooka kama za askari wa gwaride, nikaenda kukaa juu ya kidonda kushona sare za shule. Saa tisa kwa siku. Siku kumi na mbili.

Barua yako ya pongezi niliisoma nimekaa juu yake.

Niliona doa kwenye mto wa kiti. Mimi, ninayetambua doa la chai na doa la mafuta ya mashine kutoka mlangoni, nilijiambia ni chai. Mama aliona pia, akaona haya kuniuliza. Aliyejua ni Dobi. Alileta shati la mteja lililotoka kishikizo, akasimama mlangoni bila kuingia, kama mtu aliyefukuzwa, na kweli alifukuzwa. Akanusa. Akasema, "Fundi, kuna kitu kinaoza hapa, na mimi harufu ndiyo kazi yangu." Nikamwambia aondoke. Akasema, "Nitaondoka ukishageuka." Nikamtukana. Akangoja nimalize kutukana, kisha akanibeba kitandani na kunigeuza.

Akanyamaza. Dobi yule, Dada. Nilijua hapo.

Hospitali walikata nyama iliyokufa. Shimo lililobaki, kidole cha daktari kiliingia mpaka kiungo cha pili. Alinionyesha kidole chenyewe ili nielewe. Wakanirudisha nyumbani na amri moja: tumbo, mpaka pazibe. Dobi anakuja asubuhi na jioni kubadilisha dawa. Hakuuliza kama ameruhusiwa.

Wenye shule walikuja wiki ya tatu. Mashati yalikuwa yamefika mia moja na kumi na saba. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, alisema pole mara nyingi. Wanaume wawili wakabeba majora ya kitambaa wakipita kando ya kitanda changu, na mimi uso uko kwenye godoro, naona viatu vyao tu. Kimoja kilikuwa na kamba iliyofunguka. Nikamwambia, "Funga kamba utaanguka." Hilo ndilo nililosema siku waliyochukua kazi yangu.

Ni mimi niliyemkataza Mama kukwambia. Nilitaka ngozi izibe kwanza ili nikuandikie nimekaa kama mtu. Imechelewa, na hasira haikusubiri.

Sasa alama zangu ni ngapi? Nimejipigia hesabu. Kula peke yangu siwezi, nainuliwa kichwa. Kuoga sifuri. Kuvaa sifuri, sivai kitu chini, nimefunikwa khanga ya Mama. Nimefika kule ulikosema ningefika kwa sababu ya soksi, na nimefika kwa njia yako.

Wewe si mjinga, na hukuwahi kuwa katili. Mimi kitinda mimba nimekua mgongoni mwako. Kwa hiyo nijibu swali moja tu, na usiniletee habari za wodi: hizo alama zilikuwa za nani?

Kitinda


Tarehe 20 Juni

Kitinda,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu zilikuwa za hasira. Wiki saba mmenificha kidonda, mimi ambaye kazi yangu ni vidonda! Ningekwambia mto gani utumie, ningekwambia ule nini, ningepanda basi hata kama wodi ingefungwa. Mna roho gani nyinyi? Mama nimemgombeza kwenye simu mpaka akalia, na kisha nikalia mimi, na jirani akagonga ukuta.

Hii ya nne inajibu swali lako.

Siku ile mwezi wa tatu mwaka jana nilikuwa likizo hapo nyumbani. Ulipanda kupigilia bati juu ya karakana kwa sababu mvua ilikuwa inadondokea vitambaa vya watu. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele. Nilisikia bati likilia, kisha mshindo. Ulikuwa umelala kwenye ukingo wa kibaraza, mgongo juu ya simenti.

Nafundisha wanafunzi wa uuguzi mwaka wa kumi na moja sasa. Somo la kwanza la aliyeanguka kutoka juu: usimwinue. Shika kichwa, ita watu, tafuta ubao mpana ulionyooka, mlaze juu yake mwili wote kwa pamoja, kama gogo. Nawafelisha wanaosahau. Meza yako ya kukatia ilikuwa hatua sita kutoka ulipolala. Ubao wake ni mpana kuliko mlango. Hatua sita. Nimezipima baadaye, ulipokuwa hospitali na hakuna mtu nyumbani.

Nilikushika kwapani. Mama akashika magoti. Tulikukunja kama nguo. Kichwa chako kikaning'inia kwenye mkono wangu, nikapiga kelele kwa dereva teksi, tukakukalisha kiti cha nyuma. Tulikukalisha, Kitinda. Barabara ile yote yenye mashimo ulikuwa umekaa, umeniegemea.

Daktari alipouliza, "Nani alimleta, na aliletwaje?" nilisema, "Wasamaria." Mama alinitazama, hakusema kitu, na hajasema mpaka leo.

Sijui kama uti ulikuwa umeshakatika ulipogonga simenti au ulikatika mikononi mwangu. Hakuna anayejua. Nimewauliza madaktari watatu kwa kusingizia ni habari ya mgonjwa mwingine. Wote walisema haiwezekani kujua.

Basi kila alama uliyopanda nilijiambia: hii nimeirudisha. Soksi ya kushoto, nimeirudisha. Ya kulia, nimeirudisha. Ungefika mia moja, labda ningelala.

Alama zilikuwa zangu.

Siombi msamaha, sijui nianzie wapi. Kama kuna kitu unakumbuka cha pale chini, kabla sijakufikia, kama ulijaribu kusogeza mguu, niambie. Chochote kile.

Dada yako


Tarehe 9 Julai

Dada,

Shikamoo. Kidonda kimeziba. Nakaa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, nikiinuka kwa mikono kila robo saa. Kushona ni suruali moja kwa siku mbili. Wenye sare hawajarudi na sidhani watarudi. Mama sasa hafungui barua zako mpaka nizisome mimi kwanza. Anasema moyo wake hauna vipuri.

Yako nilimsomea. Akasema, "Magoti nilishika mimi." Akaenda jikoni. Basi mjue mko wawili.

Sasa nikujibu. Nimekumbuka kadiri ninavyoweza. Nakumbuka bati lilikuwa la moto. Nakumbuka misumari mitatu mdomoni. Nakumbuka nikiwa chini nikawaza, nimemeza msumari. Kisha nakumbuka dari ya teksi, ilikuwa na tundu la sigara. Katikati hapo hamna kitu, Dada. Kama nilisogeza mguu sijui, na kama niliuhisi pia sijui.

Dobi alinishauri nikudanganye. Alisema, "Mwandikie miguu ilishakufa kabla hajafika. Neno moja tu, mtu alale." Nilikaa na kalamu nusu saa. Ningeweza. Ungeamini, ungelia, ungeleta zawadi. Nimekataa. Umeishi na uongo wa wasamaria mwaka mzima na tazama ulikotufikisha sote wawili. Sikumbuki. Hilo utalibeba wewe kama lilivyo. Mimi nina la kwangu la kubeba, na lina uzito wa miguu miwili.

Kwa kunibeba siku ile sina hasira na wewe. Umemwona mdogo wako chini, unesi ukakutoka, ukabaki udada. Ningekuwa mimi ningekubeba vile vile, tena vibaya zaidi. Hasira yangu ni ya baada ya hapo. Tangu siku ile hujaniweka chini. Uko siku mbili kwa basi, na bado umenishika kwapani, unaamua nani aingie chumbani kwangu na nani asiingie, niamke saa ngapi, nivae nini kwa nguvu za nani. Unaniambia nijitegemee, na kumfukuza mtu niliyemchagua mwenyewe! Kujitegemea gani huko, mtu hata msaidizi wake hachagui?

Kwa hiyo sikiliza jinsi itakavyokuwa. Dobi anakuja kila siku, isipokuwa Jumapili. Shati navaa mwenyewe, suruali na soksi ananivalisha yeye, na akimaliza ananikagua. Jumapili najifanyia kila kitu, hata kama ni mpaka saa sita, mlango wazi ili Mama asikie nikianguka. Sifanyi hivyo kwa ajili yako. Nafanya kwa sababu ulisema kweli kuhusu Dobi kuhama, na nachukia sana kwamba ulisema kweli. Seremala amenikatia ubao wa kuvukia lile pengo la bafuni. Nimeushonea kitambaa cha mpira laini, mishono imekaa chini isiguse ngozi. Hamna hospitali yenye ubao kama huo.

Karatasi ya alama sitajaza tena. Usiniulize.

Jana nilijisukuma kwa kinyozi mara ya kwanza tangu Machi. Nimefungwa dama mara tatu, na yule mzee anayeuza vocha akasema kulala kumenipunguzia akili. Nilimtukana, akanitukana. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Ulisema likizo ni kuanzia Agosti. Njoo. Sijakusamehe, nakwambia mapema ili usije na uso wa kusamehewa. Ukisubiri hasira ziniishe utastaafu kwanza. Njoo zikiwepo. Utalala chumba cha Mama, utasikia Dobi akifika saa kumi na mbili, utasikia tukicheka, na hutaingia. Nikitaka kitu kwako nitakuita kwa jina lako, nawe utaniuliza, "Nikushike wapi?" Nitakuonyesha.

Mdogo wako